Uji wa Adikini

Adikini alipozikwa Kwapa mwezi uliopita, hisia ya kwanza iliyonijia haikuwa huzuni. Ilikuwa wivu. Naona haya kuandika hivi katika umri wangu, magoti yenyewe hayakunjiki tena mpaka yabembelezwe, lakini nimeamua kwamba maandishi haya hayatakuwa ya kujipamba. Asubuhi ya maziko tulikaa chini ya turubai, wanawake peke yetu, na mazungumzo yakaangukia kwenye uji wake. Mmoja akasema hajawahi kunywa uji kama ule popote. Mwingine akasema aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Mukuju, homa imempanda, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichokubali kupita kooni. Kisha akasimama mjukuu wake anayeishi Kampala, msichana aliyeacha nyama, maziwa na mayai kwa hiari yake mwenyewe, akatueleza kwamba bibi yake alikuwa akipika kifungua kinywa kisicho na kitu chochote cha mnyama zamani sana, kabla watu wa mjini hawajalisikia jambo hilo. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mtu pekee aliyebaki hai kati ya walioonja uji ule mwaka ulipoanza kupikwa, na hakuna aliyeniuliza hata neno moja. Nikainama, nikajifanya nafuta macho.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kwanza baada ya Uganda kupata uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, jina langu Nafula, Msamia kutoka Busia upande wa Kenya, nimeolewa na Okiror, Mteso wa Kwapa aliyekuwa akipakia mizigo stesheni ya reli Tororo. Jinsi tulivyokutana haihusiani na habari hii. Miezi mitatu baada yangu, mdogo wake Omoding, yule aliyebaki nyumbani na majembe ya ng'ombe, akaleta mke wake kutoka Mwello, Mjapadhola aliyeitwa Adikini. Basi tukawa boma moja lenye lugha tatu, hakuna aliyeijua ya mwenzake, na kilichotuunganisha kikawa Kiswahili, kila mtu akikisema alivyojaliwa. Mama mkwe wetu alikuwa amekiokota sokoni, na alikitumia kama anavyotumia panga, bila kupoteza pigo. Siku Adikini alipofika nilimtazama kuanzia miguuni nikapanda juu: mfupi, ana mwanya, anavuma wimbo puani bila kujua kwamba anavuma. Nikasema moyoni, huyu hanishindi kwa lolote. Nililala vizuri siku hiyo.

Lazima nieleze mila ya nyumba ile, maana ndiyo iliyozaa uji. Mwanamke aliyeolewa pale hakuruhusiwa kuonja maziwa, samli, mayai wala nyama ya boma lile mpaka siku mama mkwe atakapomlisha kwa mkono wake mbele ya wanawake wa ukoo. Kabla ya siku hiyo ulikuwa mgeni, hata kama umelima mashamba yao mawili na kuyapalilia. Ukionja kabla ya wakati, walisema, ubaya haukupati wewe. Unampata mtoto utakayemzaa. Kwa hiyo sisi wake wapya tulikuwa na chungu chetu, upawa wetu, vikombe vyetu viwili vya bati, na upande wetu wa jiko. Na mila ilikuwa na foleni yake: mke wa mkubwa hulishwa kwanza, mke wa mdogo baadaye. Hapo ndipo nilipokuwa nimeegemeza heshima yangu yote. Nilikuwa sina mtoto, sina lugha yao, sina ndugu karibu. Lakini nilikuwa wa kwanza.

Tabu ilikuwa asubuhi. Kule, kama kwetu Busia, asubuhi ilikuwa uji wa wimbi na maziwa. Unga uliochachushwa siku mbili, ukapikwa mpaka ukawa mzito na kung'aa, halafu maziwa yaliyokamuliwa dakika ile yakimiminwa juu, na kijiko cha samli kikiyeyuka taratibu katikati. Nilikuwa nimelelewa kwa kikombe hicho. Nilipougua nilipewa hicho, nilipolia nilipewa hicho, siku ya kwanza ya shule nilisindikizwa na hicho. Sasa nilikaa upande wangu wa jiko nikinywa uji wa maji na chumvi, huku mama mkwe akipita mbele yangu na kibuyu kinachotoa mvuke. Niliwahi kujaribu kuutengeneza. Nilisaga karanga mbichi, nikazitia kwenye chungu kinachochemka pamoja na maji ya ukwaju ili upate ule uchachu wa maziwa. Ukakatika. Ukawa maji ya rangi ya matope yenye vipande vinavyoelea. Okiror alionja tone moja, akaniambia kwa upole kwamba atakunywa chai stesheni. Upole wake uliniuma kuliko angenifokea.

Adikini alikaa na uji wa maji siku nne tu. Siku ya tano niliamka nikasikia jiwe la kusagia likinguruma na wimbo wake wa puani ukilifuata. Alikuwa ameloweka karanga tangu jana yake, amezimenya ngozi zote kwa viganja, anazisaga na maji kidogo kidogo mpaka zikawa laini kama losheni. Akazikamua kwenye kitambaa cheupe alichokuja nacho kwenye sanduku lake. Kilichotoka kilikuwa cheupe kabisa, na kilikuwa na povu. Akapika uji wa wimbi uliochacha, akamimina yale maziwa ya karanga, akakoroga, akaepua. Kisha akakaa. Alikaa tu, mikono mapajani, uji unapoa, mpaka nikadhani amesahau. Ndipo akatia maji ya ukwaju, na ndizi mbivu ndogo mbili alizoziponda, na juu yake simsim, ndio ufuta, iliyokaangwa na kutwangwa, ambayo mafuta yake yalitanda kama samli. Akanipa kikombe. "Onja, dada. Kama mbaya, wewe nasema." Nilionja. Nilitaka sana uwe mbaya. Ilikuwa asubuhi ya kwetu Busia, yote, ndani ya kikombe cha bati, na hapakuwa na ng'ombe ndani yake. Nikamwambia umezidi ukwaju kidogo.

Tangu siku hiyo mambo yalinitoka mkononi moja baada ya jingine, na kila moja nalikumbuka lilipotendeka. Mlangoni pa jiko ndipo Okiror aliposimama na baiskeli yake, akanyoosha kikombe, na hakunyoosha kwangu. "Shemeji, natia na mimi kidogo." Wiki iliyofuata akachukua wa kwenda nao kazini, kwenye chupa, akisema wapakiaji wenzake wameusifu. Kwenye mkeka wa mama mkwe, mwezi mmoja baadaye, nilimwona mwenyewe akisukuma kando uji wake wenye maziwa halisi, ambao hakuna aliyemkataza, akanywa ule wa Adikini. Alilamba mdomo. "Karanga hii," akasema, "nashinda ng'ombe yangu." Kutoka siku hiyo, kila akitoka zizini alipita kwetu kwanza. Mimi nilikuwa nimepalilia mtama wake mpaka mikono ikachubuka, na sijawahi kumsikia akisifu hata ufagio wangu.

Nilijaribu kumwiba. Sioni neno jingine. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta alipokuwa akipika, nikihesabu anachotia, na siku aliyokwenda kwao Mwello nikapika vile vile. Ukakatika tena. Sikuwa nimeelewa kwamba siri haikuwa katika alichotia bali katika kule kukaa kwake bila kufanya lolote. Ukwaju ukiyakuta maziwa ya karanga bado ya moto, yanaachana. Angeniambia kama ningemuuliza. Alirudi akakuta chungu changu nimekificha chini ya kikapu, akakiosha, na siku ile, usiniulize kwa nini, nilimchukia kwa sababu ya kukiosha kile chungu kuliko kwa jambo jingine lolote.

Halafu akapata mimba. Mimi niliyetangulia miezi mitatu sikuwa na kitu, yeye tumbo likaanza kuonekana. Wanawake wa ukoo walianza kumletea viazi na kumpangusia mahali pa kukaa. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jiko nikipepeta mtama, nikamsikia mama mkwe akizungumza naye ndani. "Wewe navumilia kidogo," alisema. "Mimi nataka kulisha wewe haraka, mtoto nataka maziwa. Lakini huyu Nafula nakuwa mbele. Basi mwezi ujao mimi nalisha yeye, kesho yake nalisha wewe. Yeye naondoka kwa njia, wewe napita." Adikini akajibu, "Sawa, Mama." Niliendelea kupepeta. Nilikuwa nikiingoja siku yangu ya kulishwa mwaka mzima, nimeifua nguo ya kuvaa na kuikunja, na sasa nikajua kwamba nalishwa kama mtu anavyofungua lango ili gari lipite. Mtama ulimwagika wote chini na sikuuona.

Wivu ukikaa sana unapata akili. Wangu ulikaa siku sita. Ulinionyesha kwamba mama mkwe anaijua ladha ya maziwa ya ng'ombe zake kuliko sauti za wanawe. Kwamba kila asubuhi anakunywa kutoka chungu chetu akitoka zizini. Na kwamba akiyakuta maziwa humo, hatamuuliza mwingine ila mpishi. Mke mwenye mimba aliyeiba maziwa kabla ya kulishwa! Hata kama wangemsamehe, wasingemsifu tena. Siku ya saba, jua limeshapanda, Okiror amekwenda kazini na Omoding yuko shambani, Adikini aliuacha uji upoe akaenda mtoni kuchota maji. Niliingia nyumbani kwa mama mkwe, nikateremsha kibuyu, nikamimina kikombe kizima cha maziwa ndani ya chungu chetu, nikakoroga, nikarudisha kibuyu mahali pake. Nikaketi, nikasubiri mama mkwe atoke zizini.

Hakutoka. Jirani alikuja mbio kumwita, mtu anajifungua kwa shida upande wa pili wa bonde, akaondoka moja kwa moja na shuka lake begani. Nikabaki na chungu. Adikini alirudi, akatua mtungi, akatia ukwaju wake na ndizi na simsim, akajaza vikombe viwili. Mimi nilikuwa mkubwa, kwa hiyo alinipa mimi kwanza, kwa mikono miwili, kama ilivyostahili. Ningeweza kusema sijisikii vizuri. Ningeweza kukidondosha. Nilifikiria yote hayo baadaye, kwa miaka mingi. Pale nilichofikiria ni kwamba ananitazama. Nikanywa. Nilikunywa mpaka chini, na mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye hata mimba yake sikuwa nayo, nikamwona amesimama mbele yangu. Adikini akainua kikombe chake, kikafika puani, kikasimama. Akanitazama. Akakiteremsha polepole, akasema, "Leo tumbo yangu nakataa." Akarudisha uji wake chunguni, akakibeba chungu chote, akazunguka nacho nyuma ya ghala. Alichelewa huko. Aliporudi chungu kilikuwa kitupu, naye akakiosha, akakifudikiza juani, akaanza kuvuma wimbo wake.

Nilingoja aseme. Nilingoja siku ile, na wiki ile, na kila mama mkwe alipomwita niliacha ninachofanya nikasikiliza. Nilikonda. Okiror aliniletea dawa za duka la Mhindi, akidhani ni malaria. Siku ya kulishwa ikafika. Wanawake wa ukoo walijaa nyumbani kwa mama mkwe, wamekaa kwenye ngozi za ng'ombe, na mimi katikati na nguo yangu iliyofuliwa. Mama mkwe akachukua kibuyu. "Nafula. Wewe naonja maziwa ya hapa kabla ya leo?" Nikasema hapana, Mama, sijaonja. Mila ilitaka shahidi, yule anayekula nawe chungu kimoja. Akamgeukia Adikini. "Wewe nakula na yeye. Wewe naona kitu?" Sikuweza kugeuka. Niliangalia kidole cha gumba cha mguu wa mama mkwe, kilikuwa na kucha iliyopasuka. Nyuma yangu Adikini akasema, wazi, bila kusita, "Mimi sioni kitu, Mama. Huyu nakula uji yangu tu." Maziwa yakamiminwa kinywani mwangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake alikaa yeye katikati, na nikaulizwa mimi, nikasema sijaona kitu, nikiamini kwamba angalau mmoja wetu hasemi uongo.

Mtu angetegemea kwamba ningempenda baada ya hapo. Nilijaribu, kwa kweli. Lakini fikiria kuishi ua mmoja na mtu aliyekushinda kwa mapishi, akakushinda kwa uzazi, halafu akakushinda na kwa wema, tena bila kukudai hata asante. Mtoto wake alizaliwa mzima, mnene, mchana kweupe. Wangu alikuja miaka miwili baadaye, na miezi yote tisa sikuwa na usingizi. Alipotoka nilihesabu vidole kabla sijauliza ni msichana au mvulana. Alikuwa mzima. Adikini ndiye aliyeniletea uji wa kwanza baada ya kujifungua, na wakati huo sote tulikuwa huru kunywa maziwa, lakini nilimwomba ule wake wa karanga. Nilikunywa nikilia, yeye akidhani ni uchungu wa uzazi. Nilijiambia nitamshukuru kesho. Wanaume wetu walikufa, mama mkwe akafa, mimi nikarudi Busia kukaa na mwanangu, na kesho hiyo ikafika miaka sitini.

Wiki mbili kabla hajafa nilikwenda kumwona Tororo, nyumbani kwa binti yake. Chumba kilikuwa na dirisha moja linaloelekea Mwamba wa Tororo, na kitanda kimesogezwa ili auone. Binti alituandalia chai akatoka kwenda sokoni. Adikini alikuwa amebaki mdogo sana ndani ya shuka, lakini mwanya ulikuwa ule ule. Nikamshika mkono.

"Adikini, ile siku, kabla hatujalishwa. Mimi ndiye niliyetia maziwa kwenye chungu chako."

"Najua, dada." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Nani mwingine? Paka?"

"Na hukusema. Ukaumwaga uji wote nyuma ya ghala, na mbele ya Mama ukanificha. Miaka yote hii sijakushukuru."

Alinigeukia kwa shida, akanikazia macho kama mtu aliyeambiwa habari za jirani asiyemjua. "Kumwaga? Nani namwaga?"

"Wewe."

"Dada, mimi nakunywa yote." Akanikamata kidole. "Mimi na mimba ya miezi mitano. Kila asubuhi maziwa napita mbele ya macho yangu, hata kwa ndoto nakunywa. Halafu nanusa kikombe, Mungu wangu, maziwa! Lakini pale kwa uwanja mtu anaweza kupita. Nabeba chungu, nakwenda nyuma ya ghala, nakaa chini, nakunywa mpaka nalamba chungu na kidole. Tamu, dada. Kitu tamu kama ile sipati tena."

"Hukuogopa? Mtoto?"

"Naogopa kesho yake. Siku ile, hapana. Wewe nakunywa kwanza, kikombe yote, nanionyesha hakuna hatari." Alifumba macho, bado anatabasamu. "Wewe ndiyo naona vile nateseka na hamu. Mama haoni, bwana haoni. Wewe naiba maziwa, naniwekea kimya, hata husemi. Mimi naambia watoto yangu wote, Nafula nanipenda kuliko dada ya tumbo moja."

Nilikuwa nimetoka Busia kwa ajili ya neno moja tu, nisamehe, na lilikuwa pale kwenye ulimi, nami nikalimeza pamoja na chai iliyopoa. Nikampangusa jasho la kipaji cha uso. Nikamwambia apumzike. Na nikiwa nimeushika mkono wake, nasikia anaanza kuvuma kwa mbali puani, nilimwonea wivu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yetu: alikunywa kwa raha kile nilichokunywa kwa hofu, na kwa miaka sitini alikuwa na dada aliyempenda.